Watoto wa Banda la Mizani

14 Januari 1996

Mdogo wangu Rula,

Pokea salamu za nyumba nzima. Huku tu wazima, tukiacha magoti ya Mama, ambayo siku hizi yana maisha yake yenyewe: yeye anataka kwenda, yenyewe hayataki. Miwani uliyomtumia imefika. Anaivaa hata akijilaza mchana, anasema asije akaota kitu asikione vizuri. Shemeji yako bado yuko kwenye malori. Akija analala, akiamka anaondoka, nimeolewa na viatu vilivyo mlangoni. Wifi yangu hajambo? Na mwanao, amepona kile kikohozi? Mwambie shangazi yake anauliza.

Sasa nije kwenye lililonikalisha chini na kalamu.

Unamkumbuka jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mponda kokoto, yule anayecheka hadi kuku wanakimbia? Mwezi wa kumi na moja alikuwa machimboni anaponda, na binti yake wa mwisho amekaa pembeni yake, kama wanavyokaa watoto wote wadogo wa mtaa huu. Mtoto ana miaka mitano, tunamwita Chiriku kwa maneno yake yasiyokwisha. Mama akapiga nyundo, kipande kikaruka. Jicho la kushoto halikuokolewa. Hospitali nilikuwa na mama yake. Hakulia. Alikuwa anautazama mkono wake wa kulia tu, anaugeuza huku na huku kama mtu aliyepewa wa mtu mwingine.

Mimi ni mwenyekiti wa mtaa mwaka wa sita huu, na kazi yangu kubwa imekuwa kuamua ugomvi wa maji machafu na kuandika barua za utambulisho. Siku ile niliporudi niliitisha kikao kabla sijavua viatu. Watu wakaanza kulaumu akina mama. Katibu wetu Kinyozi, yuleyule aliyekuacha na kichwa nusu siku ya picha ya shule, akasimama akasema, "Mnalaumu nini? Hawa watoto wako kule kwa sababu hapa hawana pa kuwekwa. Tutafute pa kuwaweka." Maneno matatu, kikao kikaisha.

Tumepata banda la mizani, lile la zamani, kwa kuwa machimbo yameweka mizani mpya langoni. Mwenye machimbo ametuachia kwa mdomo tu. Na mwalimu tumempata, msichana aliyemaliza sekondari akakosa pa kwenda. Anawaita watoto kwa kugonga debe, basi naye jina lake limekuwa Mwalimu Debe. Ana watoto sitini na watatu, wa miaka mitatu hadi sita. Hawezi peke yake, Rula, hata angekuwa na mikono minane.

Tunachohitaji ni kituo kisajiliwe. Kikiwa na nambari ya serikali, kinapewa walimu wawili waliosomea watoto wadogo, na mwenye machimbo hawezi tena kutuamsha asubuhi moja akasema anataka banda lake. Ofisa wa wilaya amelipeleka ombi letu makao makuu mwezi uliopita. Nikamuuliza linakwenda idara gani. Aliponitajia, nilicheka peke yangu njia nzima. Ni idara yako. Mdogo wangu ndiye anayeandaa orodha!

Sikuombi upendeleo. Naomba ulisome tu, kwa macho yako, kama unavyosoma ya wengine.

Ni mimi dada yako.


2 Machi 1996

Dada yangu,

Shikamoo. Mfikishie Mama shikamoo yake pia, na umwambie miwani ivuliwe wakati wa kulala, vioo vinachubuka. Sisi hatujambo. Kikohozi cha mtoto kimekwisha, ila kimemwachia deko. Sasa hata akikwaruzwa na kijiko anataka abebwe. Mwezi huu ameanza shule ya watoto karibu na kwetu. Wana bembea, wana mchanga wa kuchezea uliozungushiwa matofali. Siku ya kwanza alilia, siku ya pili nililia mimi, maana aliingia bila hata kugeuka nyuma. Mama yake anacheka nalo mpaka leo.

Samahani kwa kuchelewa. Kazi zimekuwa nyingi mwanzo huu wa mwaka.

Habari ya binti wa jirani imeniumiza sana. Mpe pole mama yake.

Kuhusu kituo. Dada, taratibu zimekuwa kali. Nimekuwekea humu kijitabu cha masharti. Sakafu lazima iwe ya saruji. Vyoo viwe na matundu madogo, si ya watu wazima. Kuwe na uzio, viti vya kimo cha mtoto, na maji ya kunawa. Nakushauri mshughulikie hayo kwanza. Ombi lolote lisilotimiza hayo haliwezi kwenda mbali.

Nakutakia kila la heri. Wewe tangu zamani huna unaloshika likakushinda.

Mdogo wako.


31 Machi 1996

Rula wangu,

Nakusalimu na mikono yangu ina malengelenge, ndiyo maana mwandiko unapepesuka. Mama hajambo, na amepata kazi uzeeni, nitakusimulia. Shemeji yako alikuja akanikuta nimepakaa saruji hadi kope, akauliza mke wake yuko wapi. Mwambie mwanao asiwe na deko, lakini akiwa nalo asiache, maana siku zake za deko ni hizi hizi. Mpe pole yangu mkeo kwa kuishi na mwanamume anayelia mlangoni pa shule.

Kijitabu chako tulikisoma kwa sauti kikaoni, ukurasa kwa ukurasa, kama wasia. Kulikuwa na mzee mmoja anauliza kila sharti, "Hilo nalo limeandikwa?" Limeandikwa. Basi tukaanza.

Kokoto ya sakafu hatukuitafuta mbali. Kila mponda kokoto alitoa karai moja katika mzigo wake wa siku, kwa wiki tatu. Wewe umekulia hapa, unajua karai moja ni mkono kuuma kiasi gani. Saruji tulichangishana. Siku ya kumwaga zege wanawake arobaini walipanga mstari kuanzia bombani hadi bandani wanapitishiana ndoo, na yule jirani yetu, mama Chiriku, ndiye aliyekuwa mwisho wa mstari, ndani. Nilimsikia anacheka. Tangu mwezi wa kumi na moja sikuwa nimemsikia.

Vyoo tumechimba. Kinyozi alipima tundu kwa kumkalisha mtoto juu ya ubao na kumzungushia chaki, mtoto akasema, "Nanyolewa huku?" Watu tulikaa chini kwa kicheko. Viti amevitengeneza yeye mwenyewe kwa mbao za masanduku, jioni baada ya kufunga kibanda chake cha kunyolea. Ni sitini. Watatu wa mwisho wanabadilishana mapaja ya Mama, maana Mama ndiye msaidizi wa Mwalimu Debe sasa. Anapelekwa kwa toroli asubuhi kama mzigo wa saruji, anapiga makelele njia nzima tumwinue polepole. Akifika anakaa kwenye kona, na watoto wanaolia wanaletwa kwake. Magoti hasemi tena kama yanauma.

Ungemwona Chiriku. Anageuza kichwa chote kutazama kitu, kama ndege kweli, na kazi yake aipendayo ni vifuniko vya soda: anavipanga kwa rangi, kisha kwa ukubwa, kisha anavivuruga makusudi aanze tena, na mdomo haufungi. Mwalimu Debe anasema huyu kichwani ana darasa la pili tayari.

Mkaguzi wa wilaya alikuja Alhamisi. Alizunguka, akachungulia vyoo, akakaa kwenye kiti cha mtoto kikamng'ang'ania, akainuka nacho. Akasema kwa mkoa huu hajaona banda kama hili. Ameandika hivyo, nimesoma kwa macho yangu.

Sasa imebaki nambari. Je, ombi letu umeliona? Mbona hukunijibu hilo?

Dada yako.


19 Mei 1996

Mdogo wangu,

Nawasalimu. Mama hajambo. Shemeji yako yuko safarini. Natumaini kimya chako ni cha kazi, si cha ugonjwa.

Nimesubiri wiki saba. Siku tatu zilizopita mwenye machimbo ametuletea barua iliyopigwa chapa: ikifika mwisho wa mwezi wa sita na kituo hakina nambari, tumkabidhi banda lake. Nilimwendea. Ni mtu mpole, hana kelele, alinitolea kiti. Akaniambia, "Mama Mwenyekiti, kama serikali inawatambua, mimi ni nani? Lakini kama haiwatambui, akidondokewa mtoto na bati humu ndani, nitashtakiwa mimi." Ana haki yake.

Na Mwalimu Debe ameitwa kwenda kulea mtoto wa watu mjini. Amewaambia wamsubiri. Ananiuliza kila asubuhi, "Mama, wameandika?" Nimechoka kumwambia bado.

Sikudai chochote zaidi ya neno moja. Lipo au halipo?

Dada yako.


9 Juni 1996

Dada,

Shikamoo. Sijaugua, sote wazima. Nimemtumia Mama blanketi kwa mkono wa mwenzangu mmoja atakayepita huko. Ni la sufu nzuri, lisifuliwe kwa maji ya moto. Mwanangu amejifunza kuandika herufi ya kwanza ya jina lake, sasa imejaa ukutani mwa sebule. Mvua huku haijakatika.

Suala la kituo liko katika utaratibu wake. Naomba uvumilivu.

Naomba pia, tafadhali, usiniandikie tena kwa anuani ya ofisi. Tumia ya nyumbani niliyoiandika chini. Na ukizungumza na watu wa wilaya, hakuna haja ya kutaja kwamba mimi ni ndugu yako.

Mdogo wako.


11 Julai 1996

Kwako mdogo wangu,

Salamu. Mama yupo. Blanketi lilifika.

Banda limechukuliwa tarehe mosi. Walikuja na lori asubuhi, vijana wanne na msimamizi, wakatoa viti wakavipanga nje vizuri tu, hawakuvunja hata kimoja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, sijui kwa nini. Watoto walikuwa wameshafika. Wadogo walidhani ni mchezo, kila kiti kikitolewa mtoto anakwenda kukikalia palepale jua linapowaka, wanasubiri. Mwalimu Debe akagonga debe, akawapanga mstari, akawaimbisha hadi barazani kwetu. Baraza letu unalijua. Waliingia ishirini. Wengine walisimama uani, wengine barabarani, na malori ya kokoto yanapita. Siku ya tatu mama zao walianza kuwachukua. Siku ya tano Mwalimu Debe alikuja na mfuko wake wa nguo tayari begani, akaniamkia, akasema, "Mama, nisamehe." Nikamwambia nenda mwanangu. Anamlea mtoto mmoja sasa. Mmoja!

Watoto wamerudi machimboni.

Lakini silo lililonifanya niandike.

Juzi nilimtuma Kinyozi wilayani akaulize ombi letu limekwama wapi. Ofisa alimhurumia, akamfungulia faili akamwonyesha orodha ya mkoa wetu, ile iliyotoka makao makuu. Mkoa mzima mwaka huu umepewa kituo kimoja. Kinyozi akaomba aisome mara mbili. Kisha akaomba wampigie nakala, na nakala hiyo ninayo hapa mezani ninapokuandikia.

Mtaa wetu ni wa kwanza, Rula. Kati ya kumi na tisa. Pembeni kuna alama za uhitaji wa kila mtaa, zetu ni za juu kuliko zote. Na juu ya jina la mtaa wetu kuna mstari. Haukuchorwa na mtu mwenye haraka. Ni mstari wa rula, umenyooka kutoka herufi ya kwanza hadi ya mwisho. Chini kuna sahihi yako. Mkia wa ile herufi ya mwisho nilikufundisha mimi, kwenye vumbi nyuma ya nyumba, kabla hujaenda shule. Usiniambie si yako.

Na tarehe. Tarehe ishirini na mbili Februari.

Tarehe mbili Machi uliniandikia nitafute saruji. Ulituambia vyoo. Ulituambia viti vya kimo cha mtoto. Wanawake wale waliotoa karai zao, walipokuwa wanapitishiana ndoo, ulikuwa umeshatufuta.

Nimesoma barua zako zote tena, moja baada ya nyingine, kutafuta mahali uliponiambia. Hakuna.

Nataka kujua kwa nini. Kama ni hela umekula, niambie ni hela.


4 Agosti 1996

Dada yangu,

Shikamoo, kama bado unaipokea.

Si hela. Ningekuwa nimekula hela ningekuwa na cha kukiri, na watu wangenielewa.

Mwezi wa kwanza ulikuja waraka kutoka juu. Idara nyingine walikuwa wamefukuzwa watumishi watatu kwa kuingiza ndugu zao kwenye orodha za serikali. Mkuu wetu alituita, akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Nikikuta jina la ukoo wa mtu humu, ataondoka na huyo ndugu yake." Wiki hiyohiyo faili la mkoa wetu likaja mezani kwangu, na ukurasa wa kwanza una jina la mwombaji, mwenyekiti wa mtaa, na jina la baba ni jina langu.

Kulikuwa na njia. Unapeleka faili kwa mwenzako, unaandika, "Mwombaji ni dada yangu, sitalishughulikia." Ni sentensi moja. Niliiandika, Dada. Niliiandika nikaichana, nikaiandika tena. Niliogopa kwamba mkitoka wa kwanza, na mlikuwa mtoke wa kwanza, hakuna atakayeamini kwamba sikunong'ona. Nilimfikiria mwanangu na kodi ya nyumba. Nikaona nikiwafuta, basi mimi ni safi kabisa, hakuna wa kunigusa. Nikachukua rula. Wa pili wakawa wa kwanza. Wao wana jengo zuri, ila kule hakuna watu wengi. Nimeambiwa mlango wake mpaka leo una kufuli.

Mkuu alinisifu. Alisema mbele ya wote kwamba mimi nimekata hata dada yangu. Nilipigiwa makofi.

Kijitabu nilikutumia kwa sababu barua yako ilikuwa mbele yangu na ilibidi nijibu kitu. Nilidhani mtashindwa. Nilidhani hamtaweza sakafu, au vyoo, na mwaka utapita, na itaonekana ni masharti. Barua yako ya mwezi wa tatu ilipofika niliisoma chooni kazini, nikabaki humo mpaka mfagiaji akagonga.

Nirekebishe vipi? Orodha ya mwakani inaandaliwa Oktoba. Nimemwomba mwenzangu alichukue faili la mkoa wetu, na safari hii ile sentensi nimeiandika na nimeipeleka. Nivumilie mpaka hapo.

Usimwambie Mama.

Mdogo wako.


29 Septemba 1996

Mdogo wangu,

Mama hajambo. Magoti yamerudi kama zamani, haendi popote. Shemeji yako yupo nyumbani wiki ya pili, lori limeharibika. Anakusalimu, hajui kitu.

Nimekaa na barua yako muda mrefu kwa sababu kila nilipotaka kukujibu nilijikuta naandika matusi, na mimi na wewe hatukulelewa hivyo.

Uchaguzi wa mtaa umefanyika. Sikuupata uenyekiti. Sikushindwa kwa kura chache, nimeshindwa vibaya. Ameupata dalali wa malori. Sina kinyongo naye. Nilisimama mbele ya watu wakaniuliza karai zao zimekwenda wapi. Ningesema nini? Kwamba ni mdogo wangu? Nilisema tu kwamba nambari haikutoka. Mama mmoja akasema, "Ulituahidi." Wengine waliondoka tu. Kinyozi anajua, lakini amenyamaza kwa ajili yangu, na akinyoa watu wanaonisema vibaya anazidisha kelele za mashine.

Chiriku naye anaponda sasa. Wamempa nyundo ndogo. Nilipita wiki iliyopita nikamkuta ametenga mafungu matatu ya kokoto, kubwa, za kati na ndogo, yamenyooka kuliko ya watu wazima, na msimamizi amesimama anamsifu. Nikamwita. Akageuza kichwa chote, akanitazama kwa lile jicho, akasema, "Shikamoo." Nikasubiri maneno yake. Yalikuwa hayo.

Mama yake ana watoto wengine watatu, usije ukamlaumu.

Kuhusu orodha ya mwakani, fanya unachoona ni haki. Mimi si mwenyekiti tena.


16 Desemba 1996

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo wewe na Mama na Shemeji. Safari hii nakuandikia kwa furaha. Mtaa wetu umepita! Mwenzangu amelishughulikia faili kwa haki, mimi sikuligusa, na mmekuwa wa kwanza tena. Ripoti ya yule mkaguzi ndiyo iliyowabeba. Humu ndani kuna cheti chenye nambari ya usajili, na walimu wawili wenye vyeti wataripoti mwezi wa pili, mradi wakute darasa. Nimelia nilipokiona. Mkeo wangu, yaani wifi yako, ananicheka.

Dada, najua hakifuti. Lakini kitu kimefika, sivyo? Niandikie upesi. Nataka kuja pindi mtakapofungua, nisimame nyuma kabisa, nisitambulishwe.

Mdogo wako.


26 Januari 1997

Mdogo wangu,

Nimeipokea bahasha. Umeandika "mkeo wangu", nimeona ulivyokuwa na furaha, hata mistari yako haikunyooka. Salamu kwa wifi yangu na kwa mwanao. Shemeji yako amerudi barabarani.

Nikueleze kilichotokea, bila kukuongezea wala kukupunguzia.

Siku niliyopata cheti nilivaa nguo nzuri nikaenda nacho kwa mwenye machimbo. Alinitolea kiti kama mwanzo. Alikisoma chote. Akasema, "Mama, hiki kingekuja mwezi wa sita!" Banda la mizani ni ghala la baruti sasa. Wamelitia mlango wa chuma, na wamelipatia kibali cha miaka kumi. Sheria inakataza nyumba ya watu hatua mia mbili kulizunguka, sembuse watoto. Alinisindikiza mpaka langoni. Hakuwa na ubaya wowote.

Nikaenda kwa mwenyekiti mpya. Akasema ni jambo zuri, atalileta kikaoni. Akakitia kwenye droo. Vikao viwili vimepita. Nilipouliza, akaniambia mtaa hauna chumba chochote kingine, na kuchangisha watu tena kwa darasa hataki, alishaona lilivyonifanya mimi. Kinyozi alijitolea nusu ya kibanda chake. Tulipima. Wanaingia watoto tisa, wakisimama.

Mwisho nikaenda machimboni kuwaambia mama zao wenyewe. Nilisema kwa sauti, nambari imetoka, walimu wawili wanakuja, tutafute mahali. Wachache waliinua macho. Nyundo hazikusimama, Rula. Nilijaribu kuhesabu ni mikono mingapi midogo mle kati, nikaacha. Nilimwinamia mama Chiriku nikamwambia, "Jirani, safari hii ni kweli." Hakunikasirikia. Akaniambia, "Dada, nilishamtoa kule darasani mara moja, akarudi analia siku kumi anaulizia kiti chake. Sina nguvu ya kumtoa mara ya pili."

Walimu wako watakapokuja mwezi wa pili hawatakuta darasa. Watapangiwa kwingine. Labda kule kwenye kufuli.

Umeniuliza kama kitu kimefika. Kimefika. Usije kwanza. Si kwamba nakukataza nyumba ya mama yako, ila ukija utataka nikwambie yamekwisha, na mimi sijui kusema uongo kama wewe, ningeshindwa usoni.

Barua zako nimekuwa nikimsomea Mama mimi, kama unavyojua. Tangu Agosti namsomea salamu tu, nikifika katikati nakunja karatasi. Jana akaniuliza, "Mbona siku hizi mdogo wako anaandika mafupi?" Nikamwambia ana kazi nyingi.

"Kazi ileile ya watoto?"

"Ndiyo, Mama. Ileile."

Akavua miwani, akaifuta kwa khanga. Akasema, "Mwenyezi Mungu amtie nguvu. Angalau wa kwetu mmoja yuko huko anawaangalia."

Nikasema amina. Nikaenda jikoni.

Dada yako.